Somo la Madoa ya Meno na Kinga Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kinywa ni njia ya Kurani na dhikri, na kwa hivyo sharia imetaka kisafishwe. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alichelea tu kuwataabisha umati wake, la sivyo angaliwalazimisha mswaki kwa kila sala. Na wanachuoni wa Kishafii wamelitaja jino lililogeuka manjano katika mambo yanayoitilia nguvu suna hiyo.

Yajulikane kuwa madoa ya meno ni namna mbili.

Ya kwanza ni ya nje, yakaayo juu ya jino. Sababu zake ni kahawa, chai, tumbaku na tambuu. Mla tambuu hutafuna popoo kwa chokaa na katu, na wekundu wake ukidumu huwa weusi. Wala hasara yake si rangi tu: mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilihukumu kuwa popoo huleta saratani, ijapokuwa haikutiwa tumbaku. Na katika Fat-hul Muin, Sheikh Zaynuddin wa Malabar amesema kuwa aliyefunga akameza mate yaliyogeuka kwa wekundu wa tambuu, funga yake imebatilika, hata ikiwa wekundu huo ni mgumu kuondoka. Basi mwenye uraibu huo na asafishe kinywa kabla ya alfajiri.

Kinga yake ni kupunguza vitu hivyo, kusukutua baada yake, na kupiga mswaki: kwa upana katika meno, kwa urefu katika ulimi, na kuanza upande wa kulia. Mswaki wa mti ndio bora, na wa dukani pia hutosha kwa suna. Aliyefunga ni karaha kwake baada ya zawali.

Ya pili ni ya ndani, yaingiayo utotoni jino lingali katika ufizi. Sababu yake kubwa ni floridi iliyozidi katika maji, kama pande za Arusha na Kilimanjaro, na katika magadi yatiwayo chakulani. Sababu nyingine ni dawa ya tetrasaiklini apewayo mja mzito au mtoto aliye chini ya miaka 8.

Madoa haya hayatoki kwa mswaki. Anayeyasugua kwa mchanga, mkaa au tupa hulila jino lenyewe, na sharia imekataza kujidhuru. Kinga yake ni mzazi kumpa mtoto maji ya mvua, au yaliyopimwa yasiyozidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Kuyachemsha hakufai kitu, kwani maji hupungua na floridi hubaki.

Kwa hivyo haifai mwalimu wala mwanafunzi kumwita mchafu mtoto mwenye meno ya namna hii. Yeye hana kosa. Amekunywa maji ya kwao. Na Mwenyezi Mungu amekataza kudharauliana katika Suratul Hujurat, aya ya 11. Anayesugua meno yake yakang'aa, kisha akamcheka nduguye, amesafisha kinywa kwa mti na kukichafua kwa ulimi.

Wallahu aalam.