Namna Afrika Ilivyoungana: Kratoni ya Tanzania na Ukanda wa Msumbiji

Anza na ramani. Chora mstari kutoka Mwanza, upite Shinyanga na Singida hadi Dodoma. Chini ya mstari huo kuna miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Hiyo ndiyo Kratoni ya Tanzania. Kratoni ni kipande cha kale cha gamba la dunia, kinene na kigumu, kilichokaa muda mrefu sana bila kukunjwa. Dhahabu ya Geita imo katika miamba hiyo. Afrika ina kratoni nyingine kubwa, zikiwamo za Kongo, Kalahari na Afrika Magharibi.

Ziliunganaje? Mabamba ya dunia husogea sentimita chache kwa mwaka. Mashariki mwa Kratoni ya Tanzania palikuwa na bahari ambayo wanajiolojia huiita Bahari ya Msumbiji (si mlango-bahari wa leo kati ya Msumbiji na Madagaska). Sakafu yake ilizama chini ya mabamba jirani, bahari ikapungua hadi ikafungika. Kati ya miaka milioni 650 na 550 hivi iliyopita, nchi kavu za pande mbili ziligongana, kama India ilivyogongana na Asia baadaye na kuinua Himalaya. Miamba ilikunjwa, ikasukumwa chini kilometa nyingi, na joto pamoja na mgandamizo vikaigeuza. Mwamba uitwao naisi, unaouona Uluguru, ni tokeo mojawapo. Tanzanaiti ya Mererani ni jingine. Mshono huo huitwa Ukanda wa Msumbiji, nao hupita Kenya na mashariki mwa Tanzania hadi Msumbiji. Mgongano mwingine uliunganisha Kongo na Kalahari. Hivyo likatokea bara kuu la Gondwana, na Afrika ilikuwa sehemu yake.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa alama nyingi hupotea. Wanafunzi huandika kwamba Usambara ni milima ya kukunjamana iliyotokana na mgongano huo. Si kweli. Milima ya wakati ule ililiwa na mmomonyoko. Miamba ya Usambara ni mizizi yake, lakini Usambara tuionayo iliinuliwa baadaye sana, gamba la dunia lilipopasuka. Tofautisha umri wa mwamba na umri wa mlima.

Swali: "Miamba ya Usambara ni mikongwe kuliko milima yenyewe." Fafanua kauli hii kwa hoja tatu. (Alama 6)