Maziwa Hayaoshi Mapafu: Somo Juu ya Vumbi Kazini



Jumapili moja tulikutana hapa Kinanira, wanachama kumi na zaidi kidogo, kuzungumza mambo ya kazi. Dada mmoja anayefanya kazi ya kukoboa kahawa akasimama akauliza: «Siku hizi hatupewi tena maziwa ya vumbi. Je, chama kitatudaia maziwa yetu?» Karibu wote wakamwunga mkono. Mimi nikajibu neno ambalo halikuwapendeza: tusianze na maziwa. Somo la leo ni kueleza sababu.

Mimi mwenyewe nimeyanywa maziwa hayo. Katika ujana wangu nilifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha pamba. Kila Ijumaa tulipanga foleni, kila mtu na nusu lita yake, tukaambiwa kwamba yanaosha vumbi la kifuani. Tuliamini. Jirani yangu kwenye mashine alikuwa mzee mmoja mpole, asiyegusa pombe. Lakini kila Jumatatu alishika kifua, akahema na kukohoa. Jumanne ilikuwa nafuu, na Jumatano alikuwa mzima. Sisi vijana tulimcheka, tukasema Jumapili amelewa. Msimamizi naye aliamini hivyo, akamkata mshahara wa siku. Baada ya miaka, mzee yule hakuweza kupanda kilima cha kwao bila kupumzika mara tatu. Akaachishwa kazi bila fidia, kwa maana hapakuwa na karatasi hata moja iliyosema kwamba ugonjwa wake umetoka kazini. Na maziwa alikuwa ameyanywa yote.

VUMBI LINAPITA WAPI?

Mwili una njia mbili. Chakula na maziwa hupita njia ya chakula, huenda tumboni. Hewa hupita njia ya hewa, huenda kwenye mapafu. Njia hizo hazikutani huko chini. Tone la maziwa likikosea njia, utapaliwa na kukohoa mpaka litoke. Basi maziwa yataoshaje mahali yasipofika?

Vumbi kubwa unaloliona hunaswa puani na kooni, ukalitema. Vumbi jembamba, ambalo pengine hulioni mpaka mwanga wa jua upite dirishani, ndilo linaloingia ndani kabisa ya mapafu. Maziwa ni chakula chema, na ukipewa unywe au uwapelekee watoto. Lakini si kinga ya vumbi.

UGONJWA WA JUMATATU

Ugonjwa wa mzee yule unajulikana zamani. Mwaka 1700 mganga wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya magonjwa ya mafundi. Aliandika juu ya watu wanaochana kitani na katani, jinsi vumbi linavyowakohoza. Akawafundisha waganga wenzake wamwulize kila mgonjwa: unafanya kazi gani? Katika miaka ya 1950 daktari Richard Schilling aliwapima wafanyakazi wa pamba wa Lancashire, Uingereza, akaeleza hatua za ugonjwa huu.

Mwanzoni kifua hubana siku ya kwanza tu baada ya mapumziko. Ndiyo maana huitwa ugonjwa wa Jumatatu. Baadaye hubana siku zote za juma. Mwishoni pumzi hupungua, na hairudi tena hata ukiacha kazi. Tumbaku huuzidisha. Mtu akiondolewa mapema kwenye vumbi, anaweza kupona. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Jambo hili linatuhusu. Pamba hulimwa katika uwanda wetu wa Imbo, na hapa Bujumbura wengi wamefanya kazi ya kuichambua, kuisokota na kuifuma. Na ingawa ugonjwa wa Jumatatu ni wa pamba, kitani na katani, vumbi la kahawa, la chai, la unga na la saruji nalo huumiza kifua kwa namna yake.

WENZETU WALIFANYA NINI?

Huko Marekani wafanyakazi wa nguo na vyama vyao walipigana kwa miaka mingi. Mwaka 1978 serikali iliweka sheria ya kupunguza vumbi la pamba viwandani. Matajiri wakaenda mahakamani wakisema gharama ni kubwa mno. Mwaka 1981 Mahakama Kuu ya nchi ile iliikubali sheria hiyo. Viwanda vikafunika mashine na kuweka mabomba ya kuvuta vumbi, na ugonjwa ukapungua sana. Wenzetu wale walidai hewa safi.

TUDAI NINI?

Tudai kwa utaratibu huu, wala tusiugeuze:

1. Vumbi lizuiwe linapotoka: mashine zifunikwe, na bomba la kuvuta vumbi liwekwe.
2. Hewa ipite: madirisha yafunguke, mapanka yafanye kazi.
3. Usafi usirushe vumbi. Kufagia kukavu na kupuliza kwa hewa ya kompresa kukome. Itumike mashine ya kuvuta vumbi.
4. Mask iwe ya mwisho. Kitambaa hakizuii vumbi jembamba. Itakiwe mask yenye alama FFP2 au N95, ibane vizuri usoni, nayo ibadilishwe.
5. Kifua kipimwe mtu anapoajiriwa na baadaye kila mara, na majibu yaandikwe.

Mwaka 2022, mkutano wa Shirika la Kazi Duniani mjini Geneva uliweka kazi yenye usalama na afya kuwa haki ya msingi. Burundi ni mwanachama tangu 1963. Mkataba namba 155 wa mwaka 1981, katika kifungu cha 21, wasema kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote.

Kadhalika tuandike. Kila mmoja awe na daftari: tarehe, kazi aliyofanya, kifua kilivyokuwa. Ukienda kwa daktari, mwambie kazi yako hata asipokuuliza. INSS hushughulikia ajali na magonjwa ya kazi, lakini bila karatasi madai hayana miguu.

KWA WENZETU WA MASHAMBA

Ninyi mnaopuliza dawa za wadudu, msiwape maziwa waliodhurika, wala msiwatapishe. Mtoeni mtu penye dawa, mvueni nguo, mwosheni kwa maji mengi na sabuni, mpelekeni hospitali upesi pamoja na karatasi ya jina la dawa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kazini kwenu vumbi hutoka wapi hasa?
2. Nani kati yenu hubanwa kifua Jumatatu? Mmemcheka au mmemsikiliza?
3. Mkipewa kuchagua bomba la kuvuta vumbi au nusu lita ya maziwa, mtachagua nini, na mtamwelezaje mwajiri?

Yule dada wa kahawa alirudi Jumapili iliyofuata na karatasi yenye majina kumi na manne ya wanaokohoa katika chumba chao. Karatasi hiyo ndiyo tutakayomwekea mwajiri mezani.