Wachache na Hesabu Yao Katika Morisi

Morisi ni kisiwa kisichokuwa na wenyeji wa asili. Wote wazee wao walikuja au waliletwa, kutoka Bara Hindi, Afrika, Uchina na Ulaya. Katiba yao ya 1968 iliwagawa mafungu manne: Wahindu, Waislamu, Wachina, na wote waliosalia. Mbali na wabunge 62 wa kuchaguliwa, iliweka viti 8 kwa wagombea walioshindwa, ili fungu lililopungukiwa lipate wa kulisemea.

Walakini viti hivyo viligawanywa kwa hesabu ya watu ya 1972, kwani baada yake hawakuulizwa tena fungu lao. (Hata maiti wamo hesabuni!) Katika 2012 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliona kuwa kumlazimisha mgombea ataje fungu lake, na hesabu ni kuukuu, ni kumdhulumu.

Na mtoto wa baba Muislamu na mama wa Kichina yu fungu gani? Katiba hutazama mwenendo wa maisha yake, kisha humtia pamoja tu.

Hata hivyo hatuafikiani na wanaotaka mpango huo ufutwe mara moja. Khofu ya wachache ni ya haki. Kwanza wapewe dhamana nyingine ya viti, ndipo hesabu hiyo iondolewe.