Mlisho wa Habari na Ugawanaji wa Mafaili: Somo la Mwanzo kwa Shule za Pwani

UTANGULIZI

Mwezi wa Mei mwaka 2024 uliwapa wakazi wa pwani ya Kilwa na Lindi somo kubwa juu ya njia za mawasiliano. Mapema mwezi huo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa taarifa za tahadhari juu ya kimbunga kilichopewa jina la Hidaya, ambacho kilikuwa kikiikaribia pwani kutoka Bahari ya Hindi. Tarehe 4 Mei kimbunga hicho kilifika kisiwani Mafia kikapoteza nguvu. Hata hivyo, mvua kubwa zilizofuatana nacho ziliharibu barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na usafiri wa kwenda kusini ukakatika. Siku chache baadaye, tarehe 12 Mei, mikongo miwili ya mawasiliano iliyolazwa chini ya bahari, SEACOM na EASSy, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Intaneti ikadhoofika katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo.

Matukio hayo mawili hayakuwa na asili moja, lakini yanaleta swali moja. Shule iliyo mbali na jiji, yenye njia moja nyembamba ya kuingizia habari, ifanye nini ili habari muhimu ziifikie upesi, na zikishafika zibaki mikononi mwa wengi hata njia ile ikikatika? Makala haya yanaeleza mbinu mbili zinazosaidiana. Ya kwanza ni mlisho wa habari, na ya pili ni ugawanaji wa mafaili. Programu zinazohitajika hupatikana bila malipo, na kompyuta za kawaida za shule zinatosha.

MLISHO WA HABARI NI NINI?

Mtu anayetaka kujua kama tovuti fulani ina habari mpya hulazimika kuifungua na kuitazama. Kila anapofanya hivyo kompyuta yake hupakua picha, mapambo na matangazo, hata kama hakuna jipya lolote. Mlisho huondoa hasara hiyo. Mlisho ni faili dogo la maandishi ambalo mwenye tovuti huliweka mahali maalumu, nalo huorodhesha habari za karibuni tu. Kila habari katika orodha hiyo huwa na kichwa, muhtasari, tarehe, anwani ya habari kamili, na mara nyingi utambulisho wake wa pekee.

Muundo wa milisho unaoitwa RSS ulianzishwa na kampuni ya Netscape mwaka 1999, na toleo la RSS 2.0 likatoka mwaka 2002. Muundo mwingine, uitwao Atom, uliidhinishwa mwaka 2005. Kwa mtumiaji wa kawaida tofauti baina yao ni ndogo, kwa kuwa programu nyingi huweza kusoma yote miwili.

Programu inayosoma milisho huitwa kisomaji. Kila baada ya muda uliopangwa, kisomaji huiendea seva ya tovuti na kuuliza kama mlisho umebadilika tangu mara ya mwisho. Ikiwa haukubadilika, seva inaweza kujibu kwa namba 304, maana yake "hakuna badiliko", bila kulituma faili tena. Ikiwa umebadilika, kisomaji hulichukua faili, hulinganisha utambulisho wa kila habari na zile kilizokwisha kuziona, kisha humwonyesha mtumiaji zile ngeni tu. Wahenga walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kisomaji kizuri hunyamaza mpaka liwepo jambo.

Faida yake yaweza kupimwa kwa hesabu. Tuseme ukurasa wa tovuti una kilobaiti 1,500 na mlisho wake una kilobaiti 30. Shule ikiuangalia ukurasa huo kila nusu saa kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, itakuwa imepakua mara 16, yaani kilobaiti 24,000. Kwa kutumia mlisho itapakua kilobaiti 480 tu, hata kama mlisho utabadilika kila mara. Hiyo ni sehemu moja ya hamsini.

MLISHO NA TAHADHARI

Milisho haibebi habari za magazeti peke yake. Tangu mwaka 2004 upo muundo wa kimataifa wa kuandikia tahadhari za maafa, uitwao CAP, na tahadhari zilizoandikwa hivyo husambazwa mara nyingi kwa njia ya milisho. Muundo huo una nafasi maalumu za kutajia mtoaji wa tahadhari, eneo linalohusika, uzito wa hatari, kiasi cha uhakika, na saa ambayo tahadhari itakwisha nguvu.

Jambo hili la mwisho lina maana kubwa kwa watu wa baharini. Mvuvi wa Kilwa Kivinje anayepewa taarifa ya juzi kana kwamba ni ya leo aweza kukosa siku njema ya kazi, au, jambo lililo baya zaidi, aweza kutoka na ngalawa wakati bahari imekwisha chafuka. Kwa hiyo taarifa yoyote inayobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule au inayopelekwa dikoni sharti iandikwe mambo matatu: imetolewa na nani, imetolewa lini, na inakwisha lini.

KUWEKA KISOMAJI

Visomaji ni vingi. Thunderbird, inayojulikana zaidi kwa barua pepe, husoma milisho pia, nayo hufanya kazi katika Windows na Linux. Hatua zake ni hizi:

1. Mwalimu apakue programu kutoka tovuti ya watengenezaji wenyewe, kisha aisimike katika kompyuta moja inayopata intaneti.

2. Katika menyu ya kufungua akaunti mpya, achague akaunti ya milisho, si ya barua pepe.

3. Aitafute anwani ya mlisho katika tovuti anayoihitaji. Tovuti nyingi huionyesha kwa alama ya rangi ya chungwa yenye nukta moja na tao mbili. Si kila tovuti yenye mlisho.

4. Aingie katika sehemu ya kusimamia milisho, abandike anwani hiyo, na kuithibitisha. Baada ya muda mfupi vichwa vya habari vitajitokeza.

5. Apange muda wa kuangalia mlisho upya. Kwa habari za elimu, mara moja au mbili kwa siku yatosha. Kwa tahadhari za hali ya hewa wakati wa msimu wa mvua, kila nusu saa inafaa.

Ni vema kuanza na milisho mitatu au minne tu. Anayejaza kisomaji chake milisho hamsini siku ya kwanza ataacha kukisoma baada ya wiki moja.

UGAWANAJI WA MAFAILI

Mlisho humjulisha mwalimu kwamba kuna jambo jipya. Kazi inayofuata ni kulifikisha jambo hilo kwa wote. Tuseme kuna kitabu cha megabaiti 60, nayo shule ina kompyuta 20 na intaneti yenye kasi ya megabiti 2 kwa sekunde. Kwa kuwa baiti moja ina biti 8, kitabu hicho ni sawa na megabiti 480, na kukipakua huchukua sekunde 240, yaani dakika 4. Kila kompyuta ikikipakua kivyake, njia ile nyembamba itabeba megabaiti 1,200 na kazi itachukua dakika 80. Kikipakuliwa mara moja tu, kisha kikasambazwa ndani ya shule kwa waya wa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, kompyuta 19 zilizobaki zitakipata kwa muda wa dakika moja na nusu hivi.

Ikumbukwe kwamba ruta na swichi za shule huendelea kuziunganisha kompyuta hata intaneti inapokatika. Mkongo wa baharini ukikatika, mtandao wa ndani ya shule haukatiki. Kilichokwisha kuingia hubaki na huweza kugawanywa, mradi umeme upo.

Programu za ugawanaji hukata faili katika vipande. BitTorrent, iliyobuniwa na Bram Cohen mwaka 2001, iliifanya mbinu hiyo ijulikane duniani: kila kompyuta iliyopata kipande huweza kuwapa wenzake kipande hicho, hata kabla haijalipata faili zima. Kila kipande huwa na alama yake ya kihisabati, inayofanana kwa kazi na alama ya kidole cha mtu. Kipande kikiharibika njiani alama haitalingana, na kompyuta itakiomba upya.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu aandike kifungu cha habari chenye sentensi 6, na kuwapa wanafunzi 6 sentensi moja moja, kila moja ikiwa na namba yake. Kwanza wanafunzi wote wanakili kifungu chote kutoka kwa mwalimu, kila mmoja kwa zamu yake, na muda uandikwe. Kisha jaribio lirudiwe kwa kila mwanafunzi kunakili sentensi alizokosa kutoka kwa wenzake, kwa mpangilio wowote. Darasa litaona kwamba mara ya pili kazi huenda kwa haraka zaidi, kwa sababu hakuna anayengoja mtu mmoja.

KUWEKA PROGRAMU YA UGAWANAJI

Kwa kompyuta zinazofahamiana, kama zile za shule moja, Syncthing inafaa. Programu hii, iliyotolewa mwaka 2013, hulinganisha folda za kompyuta kadhaa bila kutegemea seva ya nje.

1. Programu isimikwe katika kila kompyuta. Ikiwashwa, husimamiwa kwa kivinjari katika anwani 127.0.0.1:8384, nayo hufanya kazi bila intaneti.

2. Mwalimu aweke neno la siri mara moja.

3. Kila kompyuta ina utambulisho wa herufi na tarakimu 56, katika makundi 8 ya 7. Utambulisho wa kompyuta kuu uandikishwe katika kompyuta nyingine, na wa kompyuta nyingine uandikishwe katika kuu. Pande zote mbili zisipokubaliana hakuna kinachopita.

4. Katika kompyuta nyingine, kompyuta kuu ipewe kazi ya mtambulishaji, ili kompyuta zote zifahamiane na kupeana vipande.

5. Ifunguliwe folda moja, kwa mfano TAARIFA, na kugawanywa kwa wote. Katika kompyuta kuu folda iwekwe kuwa ya kutuma tu, na katika nyingine iwe ya kupokea tu.

6. Mwalimu atie faili dogo katika folda hiyo na kuhakikisha kwamba limefika kila mahali.

Kompyuta ya mkononi yenye folda hiyo inaweza kuvushwa kwa mashua hadi shule iliyo kisiwani. Ikiwa imekwisha kuandikishwa katika mtandao wa huko, italeta mambo mapya kwa wenzao wasio na intaneti.

MAMBO YA KUANGALIA

Kwanza, ugawanaji si hifadhi. Faili likifutwa katika kompyuta kuu, litafutwa pia katika nyingine zote. Kwa hiyo kompyuta zinazopokea ziwekewe utaratibu wa kutunza matoleo ya zamani, na nakala nyingine ihifadhiwe pembeni katika diski isiyounganishwa.

Pili, taarifa iliyokwisha muda iondolewe. Mbinu inayosambaza ukweli kwa haraka husambaza pia uongo na mambo yaliyochakaa kwa haraka iyo hiyo.

Tatu, zigawanywe kazi ambazo wenyewe wameruhusu zigawanywe, na programu zipakuliwe kwa watengenezaji wake, ili kuepuka virusi.

HITIMISHO

Mlisho hupunguza kinachopita katika njia nyembamba, na ugawanaji hukizidisha kikishafika. Shule yenye mambo hayo mawili haitazuia kimbunga wala haitaunga mkongo uliokatika, lakini siku ya dhiki haitabaki mikono mitupu. Ni heri maandalizi hayo yafanyike bahari ikiwa shwari.

MASWALI

1. Eleza maana ya jibu la namba 304, na faida yake kwa shule inayonunua intaneti kwa kipimo.

2. Faili la megabaiti 90 linahitajiwa na kompyuta 12. Intaneti ina kasi ya megabiti 3 kwa sekunde. Kokotoa muda utakaotumika kila kompyuta ikilipakua kivyake, zamu kwa zamu.

3. Kwa nini kompyuta kuu huwekwa kuwa ya kutuma tu?

4. Andika tangazo fupi la kubandikwa dikoni juu ya upepo mkali, lenye mambo matatu yaliyotajwa katika makala haya.