Saa za Kazi Ziandikwe: Neno kwa Wanaofanya Kazi Katika Ofisi za Mawakili

Alfajiri, Karurumo bado ina giza, dada mmoja anapanda matatu ya kwenda Embu mjini. Ni karani katika ofisi ya mawakili. Mtoto wake wa miezi minne amemwacha kwa nyanya, na saa mbili kamili anatakiwa awe mezani. Ikifika saa nne, kifua kimejaa na kinamuuma. Anaingia chumba cha mafaili, anaegemeza kiti mlangoni, anakamua maziwa katikati ya majalada ya kesi za mashamba na mirathi. Hakuna aliyemkataza. Wala hakuna aliyewahi kumuuliza anakamulia wapi.

Watu kama yeye huacha kazi bila ugomvi. Siku moja barua inaletwa, na wiki inayofuata meza ina mtu mwingine.

Katika ngazi za juu za taaluma ya sheria, mambo yamebadilika sana. Martha Koome, mzaliwa wa Meru, aliapishwa Mei 2021 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wa Kenya. Mwaka 2024 Faith Odhiambo alishika uongozi wa Chama cha Mawakili, wa pili kwa wanawake baada ya Raychelle Omamo. Hata hivyo, ofisi ya wakili mmoja na makarani wawili haibadiliki kwa sababu ya uteuzi au uchaguzi wa Nairobi. Hubadilika mwenye ofisi anapokaa na wafanyakazi wake wakazungumza juu ya saa.

Kwanza, jua unachopewa na sheria bila kuomba hisani. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, lugha, dini, asili ya mtu au hali yake ya virusi vya ukimwi. Ukilalamika mahakamani kwamba umebaguliwa, mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba hakukubagua. Kifungu cha 29 kinampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na baba majuma mawili. Mama akirudi, ana haki ya kazi yake ileile, au nyingine inayomfaa, kwa masharti yasiyopungua yale ya awali. Siku zake za likizo ya mwaka pia hazipotei.

Kuhusu chumba cha mafaili, Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri aweke mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa. Mama apewe pia mapumziko ya kunyonyesha mbali na yale ya chakula, yasiyozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Chumba kidogo chenye kitasa, kiti, meza ndogo, maji safi, soketi ya umeme na friji kinatosha.

Lakini sheria zetu hazikupi haki ya kudai saa tofauti. Uingereza, tangu Aprili 2024, mfanyakazi anaweza kuomba kubadilishiwa saa au mahali pa kazi tangu siku ya kwanza, na mwajiri lazima amjibu kwa utaratibu uliowekwa. Kwetu jambo hilo ni la maelewano, na maelewano ya mdomo huyeyuka siku wakili mwenye ofisi akiamka na hasira. Kwa hiyo andikeni. Sheria ya Ajira inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, utaje saa na mahali pa kazi, na ukibadilishwa, mfanyakazi ashauriwe na aarifiwe kwa maandishi. Barua yako isiwe ndefu: "Kuanzia tarehe fulani, naomba niingie saa tatu, nitoke saa kumi na moja, na Ijumaa niandike hati nikiwa nyumbani. Tutazame tena baada ya miezi mitatu." Taja pia nani atapokea wateja saa ya kwanza. Mwenye ofisi huogopa pengo, basi mwonyeshe limezibwa.

Kisingizio cha kwamba kazi ya sheria haiwezekani nje ya ofisi kimepungua nguvu. Uwasilishaji wa hati mtandaoni ulianza Nairobi Julai 2020, na Machi 2024 ukapelekwa mahakama zote nchini. Kesi nyingi za kutajwa tu husikizwa kwa video. Wakili aliye Karurumo mwenye mtandao imara anaweza kuhudhuria bila kupanda gari. La kuchunga ni siri ya mteja: jalada lisiachwe juu ya meza ya chakula, na habari za kesi zisizungumzwe kwa simu ndani ya matatu. Hapo sina mzaha.

Tena, kuipanga ofisi imfae kila mtu si jambo la akina mama pekee. Ofisi iliyo ghorofa ya pili bila lifti imemfungia mlango mwanasheria anayetumia kiti cha magurudumu, na mteja wake pia. Chumba kimoja cha chini kinaweza kulitatua tatizo hilo. Na ajuza wa Mbeere aliyekuja kwa ajili ya shamba la marehemu mumewe hueleza mambo kwa Kimbeere hadi mwisho, lakini kwa Kiswahili huishia katikati. Karani anayeielewa lugha yake anaokoa kesi. Ukiajiri watu wa nyumba moja au kijiji kimoja, masikio hayo huyapati.

Mazungumzo na mwenye ofisi yakishindikana, nenda kwa afisa wa leba. Aliyefutwa kazi ana miezi mitatu ya kumpelekea malalamiko. Kwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, muda kwa kawaida ni miaka mitatu. Weka barua, ujumbe wa simu na stakabadhi za mshahara mahali pamoja.

Na wewe unayetarajia mtoto, usingoje mpaka likizo iishe. Iandike barua sasa, ipeleke mwenyewe, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.