SOMO: Spana za Kutengenezea Injini Nyumbani

Somo la toleo hili limetokana na kosa langu mwenyewe.

Kikundi kimoja cha akina mama hapa Digodigo kina mashine ya kusaga mahindi na mtama, inayoendeshwa na injini ya zamani ya Lister. Walipoomba vifaa vya matengenezo nilikwenda Arusha, safari ya kutwa, nikanunua sanduku kubwa linalong'aa lenye vipande zaidi ya mia. Haikuchukua mwezi. Fundi wao alilazimisha spana namba 14 kwenye nati, ikateleza na kula pembe zote. Nati ilitolewa kwa patasi na nyundo, injini ikasimama siku tisa, na akina mama wakabeba nafaka hadi kijiji kingine.

Fundi hakuwa na kosa. Sanduku lote lilikuwa la milimita, wakati Lister za aina ile, pamoja na nyingi zilizoigwa kule Rajkot, India, zimefungwa kwa bolti za Whitworth, kipimo cha Kiingereza cha mwaka 1841. Spana iliyoandikwa 1/4 W ina mdomo wa milimita 13.3 hivi. Ya 13 haiingii, ya 14 inacheza. Ile ya 1/2 W ni karibu milimita 23.4. Namba hiyo hutaja unene wa bolti, si upana wa mdomo, kwa hiyo hata spana ya kawaida ya inchi haifai. Injini za Kichina za silinda moja na pikipiki zetu hutumia milimita.

Basi kabla ya kutoa fedha ya kikundi, someni kibao cha injini, kisha fungueni nati moja ya kila ukubwa mwende nazo dukani. Jaribuni spana juu ya nati pale pale. Kwa pikipiki, namba 8, 10, 12, 14 na 17, spana ya plagi na bisibisi imara ya nyota hufanya kazi nyingi za nyumbani. Chagueni spana ya ringi, kwa sababu hushika nati pande zote. Ile ya kurekebisha mdomo (mafundi wameipa jina nisiloweza kuliandika humu) iwe ya dharura tu.

Kwa injini ya dizeli ongezeni vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya wa valvu. Ni bei ndogo, na wengi huvisahau. Mashine ya kupimia nozeli msinunue. Pelekeni nozeli karakana. Wala mtu asiweke mkono mbele ya nozeli inayotema, maana dizeli ya mgandamizo ule hupenya ngozi na kuingia mwilini.

Nanyi wafadhili, kabla ya kutuma sanduku, ombeni picha ya kibao cha injini.

Akina mama sasa wana spana sita za Whitworth, zilizofungwa kwenye kitambaa na kuandikwa katika daftari la mweka hazina. Sanduku langu wanalitumia vijana wa pikipiki, nao huchangia kidogo kila wanapoazima. Spana namba 10 imekwisha kupotea mara mbili.