Sumu iliyobaki kiwandani: Udongo na maji ya chini ya ardhi husafishwaje?

Kiwanda kinapofungwa, moshi hukoma siku hiyo hiyo. Sumu iliyokwisha kuingia ardhini hubaki pale pale. Wakaazi wa Owino Uhuru, Mikindani, wanalijua jambo hili kuliko wengi nchini. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichopakana na nyumba zao kilifanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014. Mwaka wa 2020, baada ya kesi iliyoongozwa na mwanaharakati Phyllis Omido na shirika lake, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakaazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Fidia ndiyo iliyotawala mazungumzo. Lakini hukumu ya 2020 ilikuwa na agizo jingine: udongo na maji yasafishwe na taka ziondolewe katika muda wa miezi minne, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 za kugharamia kazi hiyo. Somo la toleo hili linahusu agizo hilo. Kusafisha ardhi ni nini hasa, na mkaazi atajuaje kwamba kazi imefanywa sawasawa?

Risasi haiozi

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni madini ya risasi. Iliyobaki ni plastiki na asidi kali ambayo nayo hubeba chembechembe za risasi. Betri inapopasuliwa, asidi humwagika. Sahani zake zinapoyeyushwa, moshi hupanda na vumbi lake huanguka juu ya mabati, nguo zilizoanikwa, na ua ambamo watoto hucheza. Masalio ya tanuri nayo hurundikwa nje yakisubiri mvua.

Mafuta yaliyomwagika yanaweza kuliwa na vijidudu vya udongoni baada ya muda. Risasi haina mla. Ni elementi, haiozi wala haivunjiki kuwa kitu kingine, na kwa hiyo usafishaji wake una njia mbili tu: ama iondolewe pale ilipo, ama ifungwe isiweze kumfikia mtu. Mbinu zote, hata zile zenye majina marefu, ni namna ya mojawapo ya hizo mbili.

Kwa kawaida risasi iliyoanguka kama vumbi hung'ang'ania udongo wa juu, hasa wenye mfinyanzi na mboji, na haiendi mbali. Hiyo ni nafuu kwa kisima na hatari kwa mtoto, maana udongo wa juu ndio unaoshikwa na mikono. Mambo hubadilika pale asidi ilipomwagwa. Asidi huiyeyusha risasi na kuisukuma chini pamoja na maji ya mvua. Ndiyo maana wapimaji huanza kwa kuwauliza wazee wa mtaa na waliokuwa vibarua: betri zilipasuliwa wapi? Maji machafu yalipita mtaro upi? Kumbukumbu za watu hao huokoa fedha nyingi za maabara, na mpimaji anayekuja bila kuuliza chochote anastahili kutiliwa shaka.

Kupima kabla ya kuchimba

Eneo hugawanywa miraba, na sampuli huchukuliwa katika kila mraba kwa vina tofauti. Kipo kifaa cha mkononi cha mionzi kinachosoma kiwango cha risasi papo hapo, lakini baadhi ya sampuli lazima ziende maabara kuthibitisha. Sampuli huchukuliwa pia mbali na kiwanda, ili ijulikane udongo wa kawaida wa eneo hilo una kiasi gani.

Kwa maji, huchimbwa visima vya uchunguzi, visivyopungua vitatu na visivyo katika mstari mmoja. Sababu yake ni rahisi. Maji ya chini ya ardhi hutembea polepole, na mwelekeo wake haulingani kila mara na mteremko unaoonekana kwa macho. Kimo cha maji katika visima vitatu ndicho kinachoonyesha yanakoelekea, na hivyo ni visima vya nani vinavyohitaji kuangaliwa kwanza. Aina ya mwamba pia ni muhimu. Matumbawe ya kisiwani na ukanda wa pwani hupitisha maji kwa wepesi, ilhali ardhi ya upande wa magharibi, Changamwe na Mikindani, ni ya mwamba wa tabaka za udongo mgumu usiopitisha maji kwa urahisi. Matokeo ya mtaa mmoja hayawezi kunakiliwa kwa mwingine.

Vipimo hulinganishwa na viwango. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 0.01 za risasi kwa lita. Kwa udongo wa makaazi, Marekani ilishusha kiwango chake cha tahadhari mwaka wa 2024 kutoka miligramu 400 kwa kilo hadi 200. Kilichoonekana salama jana si lazima kiwe salama leo, na kwa damu ya mtoto WHO inasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Kuondoa au kufunga

Njia inayoeleweka kwa wepesi ni kuchimba udongo mchafu, kuupeleka kwenye dampo lililojengwa kwa taka hatari, na kurudishia udongo safi. Ni ya haraka na ni ghali, na ina hatari yake: vumbi. Udongo lazima unyunyiziwe maji, malori yafunikwe turubai na magurudumu yaoshwe kabla ya kutoka. Anayebeba taka hizo lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Lori lililo wazi likipita mtaani na udongo wa kiwandani ni kuhamisha sumu kutoka kwa jirani mmoja hadi kwa mwingine.

Njia ya pili ni kuufunga udongo mahali pake. Unaweza kufunikwa kwa zege, lami au tabaka nene la udongo safi. Pia unaweza kuchanganywa na fosfeti, ambayo hushikana na risasi na kufanya kitu kigumu kisichoyeyuka kwa urahisi. Hii ni nafuu kwa bei, lakini sumu bado ipo, kwa hiyo ardhi hiyo hubaki na masharti: huko mbele mtu hawezi kuchimba choo au msingi wa nyumba bila kuuliza. Masharti hayo yasipoandikwa kwenye kumbukumbu za ardhi, husahaulika mwenye kiwanja anapobadilika.

Wapo wanaotaja mimea inayofyonza madini. Kwa risasi njia hiyo ni ya polepole mno, na mimea yenyewe hugeuka taka hatari. Mtaa wenye watoto hauwezi kuisubiri.

Maji ndiyo kazi ndefu zaidi. Yanaweza kuvutwa kwa pampu, yakachujwa na kurudishwa, au kuwekewa njiani ukuta wa chini kwa chini wenye madini yanayonasa risasi huku maji yakipenya. Vyovyote iwavyo, chanzo kikiachwa juu ya ardhi, pampu itazunguka miaka bila faida.

Zamfara walianza na nyumba

Mwaka wa 2010, katika jimbo la Zamfara, Nigeria, zaidi ya watoto 400 walikufa kwa sumu ya risasi iliyotokana na uchimbaji wa dhahabu. Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa na dawa ya kuitoa risasi mwilini, lakini ua na nyumba zilisafishwa kwanza, kijiji kwa kijiji, ndipo watoto wakaanza kutibiwa. Mtoto anayetibiwa kisha akarudi kwenye vumbi lile lile huingiza sumu upya. Kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na wanakijiji wenyewe baada ya kufunzwa. Mpango wowote wa kusafisha ardhi ambao hautaji upimaji wa damu za watoto una pengo.

Wakati kazi ikisubiriwa

Kuchemsha maji hakuondoi risasi. Maji yakipungua kwenye sufuria, risasi iliyobaki huwa nzito zaidi. Dawa ya klorini pia haiiondoi. Kisima kilicho karibu na kiwanda cha zamani kipimwe maabara kabla ya kutumiwa kwa kunywa, kupikia au kuchanganya maziwa ya mtoto. Sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiwa kavu. Viatu viachwe mlangoni, mikono ya watoto ioshwe kabla ya kula, na maji ya mvua ya kwanza kutoka kwenye mabati yaachwe yapite. Mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka sita ndio wa kupelekwa kwanza kupimwa damu, hata kama hawaonyeshi dalili.

Mkaazi ana haki pia ya kuuliza. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekwisha kuumia. Mkandarasi anaposema amemaliza, ziombwe karatasi tatu: ramani ya sampuli zilizochukuliwa baada ya kuchimba, stakabadhi za dampo zinazoonyesha uzito wa udongo uliopokelewa, na ratiba ya kupima visima vya uchunguzi. Visima hivyo hupimwa wakati wa masika na wakati wa kiangazi, kwa miaka kadhaa baada ya malori kuondoka. Vifuniko vyake huwa na kufuli, na kufuli iliyovunjwa ni jambo la kuripotiwa kwa chifu au kwa afisa wa mazingira wa wadi siku hiyo hiyo.